Korongo la Kunguru, Upande wa Kushoto

Hinterkar, 4 Desemba

Mpendwa kaka Lois,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichomlalamikia Mama kwenye simu kimekwisha, maana Hamburg kwa jinsi unavyoieleza ni mji wa kulowana tu. Sisi hatujambo. Goti la Mama ni lilelile, na anataka ujue kwamba Flora amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Aliniuliza kama bado unatengeneza lifti za maghorofa. Nikamwambia ndiyo, Lois bado anapandisha watu juu kama alipokuwa mwongozaji wa milimani, ila sasa wanapanda wamesimama. Alicheka, halafu akaenda kuchochea jiko.

Theluji imeshuka. Ilianza Jumapili na haikupumzika hadi jana, na leo inafika magotini hata hapa kwenye ua. Unajua watu wetu wanavyokuwa siku za kwanza. Mwokaji alifunga duka saa tatu asubuhi kwa kisingizio cha jino. Kila mtu anasema haendi popote, na kila mtu ana mbao za kutelezea thelujini begani. Jana Hannes wa posta alinikuta njiani akaniuliza naenda wapi. Nikasema naenda kwa shangazi. "Shangazi gani huyo wa kufuatwa na mbao za theluji?" akasema. Nami nikamuuliza yeye je, akajibu anapeleka barua, wakati njia ile aliyoishika haina nyumba hata moja mpaka kileleni. Ndivyo tulivyo. Theluji ya unga ambayo haijaguswa hatumwonyeshi mtu.

Lakini mimi sikuwa napanda, kaka. Nilikuwa naenda karakana kwa Severin, nimebeba zile ngozi za kubandika chini ya mbao wakati wa kupanda, gundi yake imekwisha. Najua hutaki kusikia habari za Severin. Mlikua pamoja kama watoto wa tumbo moja, na sasa ni miaka miwili hamjasemezana, tangu theluji ya Korongo la Kunguru ilipomporomokea akiziamini alama za mbao zilizokuwa pale kabla yake, zile ambazo bonde zima linasema ni zako. Naomba usiiweke barua hii kando. Isome mpaka mwisho, hata kama ni kwa hasira.

Severin anaendelea vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Ule mguu uliovunjika mahali patatu haukunji sawasawa, na kazi ya kuongoza wageni milimani ameiacha moja kwa moja, lakini karakana inampa kula na ulimi haukuumia hata kidogo. Alizipokea ngozi zangu, akazinusa, akauliza kama nimezitumia kufungia jibini. Akapasha pasi moto, akaanza kukwangua gundi ya zamani. Nilikaa kwenye kile kigoda chenu nikimtazama.

Hapo ndipo alipokutaja, bila mimi kumchokoza. Alisema mwaka huu atapanda, hata ikimchukua siku nzima. Akasema amefikiri sana juu yako, na kupita korongoni siku ile alishakusamehe zamani, maana hata yeye angepita. "Kupita nimemsamehe," akasema. "Nisichomsamehe ni lile daftari la wapandaji. Lois mtoto wa mzee Kirchmair apite kibandani kule mlimani, daftari liko wazi mezani, asiandike hata neno? Mimi nilikwenda nikalisoma, Burgl. Nilisoma, halafu nikatazama dirishani nikaona alama. Nikajiambia, kama Lois amepita na hakuandika kitu, basi pako salama."

Kaka, niliinuka niondoke, kisha nikakaa tena.

Wewe unajua kilichotokea siku ile kwa upande wako, kwa hiyo acha nikueleze upande wangu, kwa mpangilio. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba. Wewe ulitoka alfajiri peke yako kwenda upande wa jua. Mimi nilikwambia nabaki kumsaidia Mama kufua. Ulipopotea tu machoni, nikachukua mbao nikapanda Korongo la Kunguru. Nilijua vizuri kwamba theluji ya Oktoba ilikuwa bado imelala kule kivulini, chini ya ile mpya, imekuwa punje punje kama sukari na haishikani na chochote. Nilijua, lakini nilikuwa nimengoja miezi saba, na korongo lilikuwa jeupe lote bila hata alama ya sungura.

Nikashuka upande wa kushoto, karibu na mawe. Sitakudanganya, sijawahi kushuka vile maishani. Theluji ilinifika kiunoni na haikutoa sauti yoyote. Nilikuwa nalia kwa furaha, miwani ikajaa ukungu. Nyuma yangu nikaacha alama kama alizotufundisha Baba, za kona fupi fupi, ya kulia imezama kuliko ya kushoto. Hakuna wengine wanaoshuka hivyo bonde hili zaidi yetu wawili.

Kibandani sikumkuta mtu, Bi Zenzi mwenye kibanda alikuwa ameteremka kuchukua maziwa. Nikajimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Daftari lilikuwa wazi, na kalamu niliishika. Baba alikuwa akitupiga vidole tukisahau kuandika jina, tulikopita, na tulichokiona. Lakini nusu ya kulia ya korongo ilikuwa bado haijaguswa, na mimi niliitaka kesho yake. Ningeandika, watu wangejaa kabla ya saa sita. Nikairudisha kalamu mahali pake, nikanywa chai yangu, nikaenda nyumbani kufua.

Saa saba mchana Severin akashuka hiyo nusu ya kulia, theluji ikakatika yote ikamfukia. Hannes alimfukua baada ya dakika kumi na nne.

Jioni ile Hannes alikuja jikoni kwetu, akakuuliza mbele ya Mama kama zile alama ni zako. Ngozi zangu zilikuwa zinachuruzika maji juu ya jiko, juu ya kichwa chake hasa, na hakuinua macho. Wewe uliinua. Ulizitazama, ukanitazama mimi mara moja, ukasema, "Ndiyo, ni zangu." Akauliza kwa nini hukuandika. Ukasema ulisahau. Na mimi, Lois, nilikuwa namenya viazi, na niliendelea kumenya.

Kwa hiyo sikuandikii kukwambia alama zilikuwa zangu. Hilo ulilijua tangu jikoni. Nadhani ulijiambia, ni mdogo wangu, hakujua, atajiua kwa majuto, acha niubebe mzigo huu. Na waongozaji wenzako walipoacha kukupa wageni, na watu walipoanza kunyamaza ukiingia kanisani, ukaubeba vilevile. Ninachokuandikia ni kile usichokijua. Nilipokuwa juu, chini ya lile jiwe kubwa, kabla sijashuka, mlima uliguna. Uliguna chini ya miguu yangu kabisa, nikausikia tumboni, na theluji ikashuka kidogo pale niliposimama. Baba alituambia ukisikia hivyo unageuka, huulizi, huombi. Nilisimama, nikatazama lile korongo jeupe, na sikugeuka. Nami nikanyamaza, kibandani na jikoni. Umeibeba aibu ya mtu aliyejua, ukidhani unambebea mtu asiyejua.

Na la mwisho, ambalo ni gumu zaidi. Siku ulipoondoka nilikubebea begi hadi stesheni. Ulinikumbatia, ukaniambia nimtunze Mama. Treni ilipopiga kona nilishusha pumzi, nikashukuru. Naona haya kuliandika hilo kuliko mengine yote.

Nilimwambia Severin yote pale pale karakana. Hakuacha kukwangua gundi mpaka nilipofika kwenye mguno. Akaweka pasi chini. "Mlima uliguna?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Miaka miwili namtukana mtu asiye na kosa, tena kwa ufundi mkubwa." Akaniambia nitoke, na leo asubuhi saa mbili niwe mlangoni kwake na mbao.

Leo tumepanda hadi kibandani kwa njia ya msitu, kule kusikoporomoka. Safari ya saa moja ilituchukua karibu tatu. Hakutaka nimshike mkono. Kila alipopumzika alinitukana kidogo, kisha tukaendelea. Tulipofika akamwomba Bi Zenzi daftari la mwaka ule, akalifungua kwenye tarehe yenyewe, akanisogezea kalamu. Niliandika, kwa jina langu kamili: "Notburga Kirchmair, peke yangu. Korongo la Kunguru, upande wa kushoto. Mlima umeguna chini ya jiwe kubwa. Msipite." Severin akaichukua kalamu, akaandika chini yake neno moja, "Nimesoma," akatia jina lake. Akaegemea dirisha, akageuza uso, na mabega yake yakawa yanatikisika. Bi Zenzi aliweka supu mezani.

Mama nimemwambia mchana huu. Hannes ataisikia kwangu kesho, na kwa mdomo wa Hannes bonde zima litakuwa limesikia kabla hujaipata barua hii. Severin amesema hatakupigia simu, kwa sababu hajui aanze na neno gani. Ila mbao zako, ambazo nilidhani umeziuza, kumbe ziko ukutani kwake siku zote hizi. Leo tuliporudi amezishusha, anazipaka nta ziteleze tena.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Nijibu hata kwa mstari mmoja wa matusi, nitaupokea. Mama anakusalimu sana, na Flora na ndama wake, ambaye hajapewa jina kwa sababu Mama anasema utampa wewe ukija. Jifunike vizuri, upone hicho kikohozi.

Ni mimi dada yako,
Burgl