Neema Anapiga Kasia

Neema anapiga kasia! Amesimama wima kwenye mtumbwi katikati ya mto Kilombero, nimemwona kwa macho yangu haya! Hamjambo huko, mdogo wangu Asteria?

Unajua nilikuja Ifakara na begi tupu la kubebea nguo zake. Nilidhani mwanangu anakonda kwa upweke, nikasema namrudisha nyumbani. Ijumaa akanitembeza hospitalini kwao. Yeye ndiye wa masjala, na bila yeye daktari hapati faili hata moja, waambie majirani. Akanionyesha Mzee Mathayo wa maabara, anayepima damu, mpole hata sauti humsikii.

Jumamosi tukaenda Kivukoni. Nani anafoka mtumbwini, kavaa kaptula? Mzee Mathayo!

"Neema, sukuma maji! Hayo si mafaili!"

"Shikamoo mzee, leo nakutosa!"

Wenzao wa kazini wakacheka pale ukingoni, nami nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka. Kumbe kila Jumamosi mzee anamfundisha, na mwanangu ameingia timu ya hospitali itakayoshindana na walimu.

Tukala kambale wa kukaanga. Mzee akaniambia, "Mama Neema, tuachie huyu mpaka mashindano yaishe."

"Mpaka mashindano tu?" nikamjibu. "Kaeni naye."

Begi nimelijaza mchele wa huku, ukiupika mtaa mzima unanusa. Nawapenda, msalimie shemeji. Siku ya safari ikikaribia kalaleni mapema, mpande basi alfajiri, maana walimu wanapigwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu na nyote mnangojwa.