Nimesema Kwamba Wewe Ulikuwa Mutwa

Maman,

Ni mimi, Nabintu wako. Tangu ututoke, misimu miwili ya mvua imepita, na leo nina neno ambalo ni wewe wa kwanza kulisikia. Nimevunja agizo lako.

Ulikuwa ukinishika mukono tukishuka na vyungu vya kuuza kwenda soko ya Kadutu, na kila mara ulinirudilia, "Bakikuuliza, sema uko Mushi sawa papa yako. Kwetu usikutaje." Nilitii, nikajihesabu wa kabila ya papa tu. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikafundisha miaka tisa, na hakuna aliyejua kwamba mama yangu ni Mutwa aliyezaliwa kule juu musituni.

Sasa televisheni imefika. Parokia imenunua moja, na Jumapili alasiri tunajaa salle, ule ukumbi wa mikutano, kuitazama. Kuna muchezaji wa vichekesho anayependwa na muji wote. Jumapili moja alicheza Mutwa. Alijipaka matope, akatambaa kwa mikono na miguu, na mwenzake akamuita "nyama ya pori yenye kusema". Salle nzima ilicheka. Maman, na mimi nilicheka. Niliogopa jirani angenitazama usoni. Nisamehe.

Kesho yake darasa langu lilikuwa linamuita Furaha kwa neno lilelile, "nyama ya pori". Ni mutoto wa Batwa wanaokaa upande wa Kasha, mwenye mwandiko muzuri kuliko wote. Alikusanya daftari zake akatoka bila kuomba ruhusa. Siku ya nne nikaenda kwao. Mama yake hakunikaribisha ndani. Alisimama mulangoni, akasema polepole, "Mwalimu, ata weye ulicheka. Mutoto alikuona."

Nilirudi kwa miguu, sioni njia. Jioni ileile nikaandika barua kwa wakubwa wa televisheni, na walimu watatu wakatia sahihi. Muji ukagawanyika. Sokoni wengine walisema Batwa ni Wazairwa kama sisi. Wengine walisema walimu hawajui kucheka. Padri aliligusa jambo hilo katika mahubiri, na kuna watu waliotoka nje.

Mwishowe tuliitwa kwenye ofisi ya televisheni. Muchezaji mwenyewe alikuwepo, pamoja na mukubwa wake. Mukubwa alisoma barua yetu, akaniangalia, akasema, "Citoyenne, weye hauko Mutwa. Ile mambo inakuangalia nini?"

Niliona ningeweza kujibu kama ulivyonifundisha, na mambo yangekwisha hapo. Nikasema, "Mama yangu alikuwa Mutwa. Alinisomesha kwa vyungu vyake. Ule mwenye muliita nyama ni yeye."

Muchezaji alivua kofia, akaigeuza geuza mikononi. "Nilizania Batwa habatazamake televisheni," akasema. Nadhani ndilo neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

Jumapili iliyofuata alitokea kwenye televisheni akiwa amevaa safi, bila matope, akaomba radhi, akasema muchezo ule hatarudia. Si wote waliofurahi. Maman mumoja jirani yetu, unayemujua, siku hizi ananipa maji katika kikombe cha peke yangu, ili wengine wasinywee nilipokunywa. Hilo liliniuma, sitakuficha. Lakini mwalimu wa darasa la tatu, ambaye tumefanya naye kazi miaka yote hii, alinifuata baada ya masomo, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba nyanya yake pia alikuwa Mutwa. Tulishikana mikono tukacheka hadi machozi, kicheko kingine kabisa.

Na Furaha amerudi. Nilimuomba musamaha mbele ya darasa zima. Akaniuliza mama yangu alitoka mulima gani. Nikamwambia sijui, Maman. Hukuniambia, na mimi sikukuuliza.

Mama yake amenisamehe pia. Anasema kuna muzee mumoja, mwanamuke, kule juu, anayekumbuka musichana wa kwao aliyeolewa mujini na Mushi. Likizo kubwa ikifika tutapanda pamoja. Nitamuuliza walikuitaje ulipokuwa mutoto, kabla hujashuka kuja kwetu mujini.

Pumzika, Maman, usiogope tena kwa ajili yangu. Jina lile nikilipata, nitaliandika mwenyewe kwenye musalaba wako, kwa herufi kubwa, kila anayepita alisome.

Binti yako,
Nabintu