Mazoezi ya Msiba

Shamba la mkonge, Kilosa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini mguu wako umepata nafuu na baridi ya Njombe haikunyimi usingizi. Mimi mwili ni mzima. Anayekusomea barua hii mwambie asubiri kidogo, kwanza ukae.

Mkweo Fabiani amefariki. Toroli la kubebea mkonge liliacha reli mteremkoni likamlalia. Ofisini wanasema hakuteseka. Mimi nilikuwepo. Aliteseka.

Lakini kuna jambo linaniuma zaidi, na linamhusu dada. Tangu shamba liwe la taifa tuna meneja mpya. Kabla ya masika alirudi kutoka kozi Dar es Salaam, akatuambia mkutanoni kwamba kampuni inayongoja balaa ndipo ijifunze kusema imeshachelewa. Likitokea janga aseme mtu mmoja, wafiwa waambiwe kwanza, uvumi usipate nafasi. Maneno mazuri, mama, hata mimi nilipiga makofi. "Sasa tutafanya mazoezi," akasema, "na mazoezi yasiyo na machozi ni mchezo wa watoto."

Basi siku moja, mimi nikiwa nimetumwa Mikumi kufuata vipuri, akamtuma mnyapara kwa dada Yustina: Fabiani amefia kazini. Dada akaanguka chini. Majirani wakazima moto jikoni, wakatoa vyombo nje, wakatandika mikeka. Walipokwisha kulia vya kutosha, meneja akaja, akatazama saa yake, akasema, "Hongereni, habari imefika vizuri." Nyuma yake alikuwepo Fabiani, kainamisha kichwa. Walikuwa wamemfungia stoo.

Wazee walipolalamika, meneja alicheka, akawauliza: Mbona ninyi wenyewe watani wenu wanacheza msibani? Mpumbavu yule! Mtani huja msiba ukishafika, si yeye anayeuleta.

Wiki hii ajali ilipotokea kweli, kila kitu kilikwenda kama tulivyofundishwa. Mnyapara yule yule, maneno yale yale. Yustina alikuwa anapepeta mchele, wala hakuinua macho.

"Mwambieni meneja wenu leo sina machozi," akasema. "Na mkimfungia tena mume wangu stoo, mpeni chakula."

Majirani nao walibaki milangoni, wanangoja dada apewe hongera. Nilifika mimi na damu ya shemeji kwenye shati. Yustina akanitazama kwa dharau. "Hata wewe, Daudi, wamekununua? Hiyo ni ya mbuzi."

Tumemzika jana, dada hayupo. Meneja alisoma hotuba fupi, safi, bila kosa hata moja. Nilitamani liwepo toroli la pili.

Yustina anampikia mumewe kila jioni na kumfunikia sahani. Mchungaji amemsihi, akamfukuza kwa mwiko. Leo asubuhi nimelia mbele yake, akaniambia nimejifunza vizuri. Kisha akasema, "Mama hajui kuigiza. Akija yeye akaniambia, nitaamini."

Nisalimie baba mdogo anayekutunzia ng'ombe, na shangazi aliyetulea. Mama yake Fabiani usimtumie mtu, nenda mwenyewe ukamshike mkono. Halafu panda basi ushuke Mikumi, nitakuwa hapo nakungoja. Najua nakuita kwenye kazi mbaya, mama. Lakini umebaki wewe tu wa kumfanya binti yako awe mjane.

Mwanao,
Daudi