Balbu Iliyofungwa Ndani ya Leso

Baba,

Shikamoo. Arobaini yako tumeisoma, na watu walijaa hadi baraza ya jirani. Mama hajambo, ila bado anapika chai ya watu watatu.

Nakuandikia kwa sababu ya zile balbu. Kampuni ya umeme ilipowapa nyinyi mafundi kazi ya kuzigawa bure hapa Malindi, ili watu watumie umeme kidogo, wenzako walimaliza katoni asubuhi moja: hodi, sahihi, balbu mkononi, nyumba ya pili. Wewe ulipanda ngazi kila chumba, ukatoa ya zamani, ukafunga mpya, ukaiwasha, na ile ya zamani ukaondoka nayo. Nyumba saba kwa siku, nane ukijitahidi. Wakakuachisha kazi, wakisema u mzembe. Nami mwanao nikakuuliza kwa nini usiwape tu mkononi. Ukanijibu, "Nikiwapa, wataiweka," ukaendelea kula.

Niliona haya kwa ajili yako, Baba. Leo nakiri.

Mwezi uliopita kampuni ilitafuta watu wa kukagua kama mradi ule ulistahili gharama yake, nami nikapata kazi hiyo. Ofisini Kilifi, kila balbu iliyotoka ghalani ilihesabiwa kuwa inawaka. Mitaani nilikuta mengine. Bibi mmoja wa mtaa wa Barani alinifungulia kabati la vyombo, nikaziona balbu ndani ya boksi zake, pembeni ya vikombe vya wageni. "Hizi nzuri, mwanangu. Nawekea harusi ya mjukuu wangu." Juu yetu ilikuwa ikiwaka ile ya zamani, moto kama jiko. Nyumba ya pili hivyo hivyo, na ya tatu.

Lakini kila nilipoona sahihi yako ya fundi kwenye fomu ya ugawaji, nilibonyeza swichi na taa ikawaka, nyeupe. Zote, Baba. Nilisimama uchochoroni nikalia, na watu wakipita.

Msimamizi alitaka nichanganye nyumba zote ziwe hesabu moja. Nilikataa. Nimeandika kwamba mafundi wepesi waligharimu kidogo na hawakuokoa kitu, na aliyerudisha gharama ni yule aliyeitwa mzembe. Jina lako nimeliandika kamili. Sijui kama wataniita tena kazini.

Nyumba ya mwisho kwenye orodha ilikuwa yetu. Chumbani kwako nilikuta balbu ya aina ya zamani, Mama kainunua dukani. Ile uliyoifunga wewe ameitoa, akaiviringisha ndani ya leso na kuilaza sandukuni chini ya kanzu zako. Aliniambia, "Sitaki iungue."

Kwenye fomu nimeandika ukweli: haiwaki. Katika nyumba zako zote, ni yetu tu.

Pumzika, Baba, Mungu akunurishie kaburi lako. Ngazi yako naitunza. Siku Mama atakapokuwa tayari, nitaipanda mimi, niifunge ile balbu, na sitashuka kabla haijawaka.

Mwanao,
Zuhura