Mizizi Iliyokimbia Maji Yetu

Dada mpendwa,

Pole na ulezi. Sisi hatujambo, na paka amezaa kabatini, juu ya mashuka ya Mama.

Shuleni tumeotesha maharage kwenye chupa za kioo. Mizizi ya wenzangu imeshuka. Yangu, niliyoimwagilia maji ya kisima chetu, imejikunja na kupanda juu, kama vidole vinavyotafuta mlango. Mwalimu wa biolojia aliyaonja maji hayo, akatema. "We mtoto, hii ni chumvi tupu!" Akaeleza kuwa chumvi ikizidi, jeni zilizolala ndani ya mzizi huamka na kuuamrisha ukimbie.

Nilipomwambia Mama, akanywa bilauri nzima, akacheka. "Matamu kama siku zote. Masomo yatakutia wazimu, mwanangu." Baba naye akanywa, akaongeza bilauri ya pili.

Dada, hata mimi sikusikia chumvi; nahofia maji haya yameshatuzoeza hata tusitake kuyakimbia.

Mama anasema Jumamosi utamleta mtoto, mkae hapa. Tafadhali, onja wewe kwanza kabla hajanyweshwa. Ukisikia chumvi, mbebe mwondoke, hata kama atakayekushika mkono na kukusihi mbaki ni mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba