Kosa la Ukurasa wa Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Juni 1956
Madaftari ya darasa la nane yamenimaliza. Saa tisa posta. Uthibitisho wangu wa hesabu umekwenda kwa Profesa, Kampala. Kurasa thelathini, miaka miwili. Akiukubali, nafasi ya masomo ni yangu. Habari yenyewe: vitu vinavyozidishana, kila kimoja kina mwenzake wa kukirudisha kilivyokuwa. Unavigawa mafungu bila kuvuruga kuzidisha. Nimedai kwamba ukilijua fungu la kile kisichobadili chochote, umeyajua mafungu yote.

Jumatano, 6 Juni
Mwalimu Yohana, mwenzangu shuleni, mtu wa Lugoba, amesoma nakala. Akaandika 1, 2, 3 ubaoni. "Kuzidisha kuwe ni kuchukua iliyo ndogo; kila moja mwenzake ni yenyewe. Tatu haibadili kitu, ikae peke yake. Sasa moja na mbili, nizitenge au nizifunge pamoja?"
Njia zote mbili zinakubali. Fungu lenye tatu ni lilelile, mengine tofauti. Tarakimu tatu tu! Kurasa thelathini zimekufa. Nimemchukia mpaka alasiri.

Alhamisi, 7 Juni
Posta tena. Lori la Dar limekwama tangu juzi, mfuko wa barua uko pale pale nyuma ya karani. Bahasha yangu imo; nimemwomba anirudishie.
"Ikishaingia sandukuni si yako tena, mwalimu."
Nimebembeleza. Kanuni, kanuni. Nimetoka kwa hasira.

Ijumaa, 8 Juni
Mwanahawa kasema, "Nyamaza tu, mume wangu. Huenda Profesa asilione kosa." Nimemfokea. Kisha aibu. Nami nilikuwa nawaza hivyohivyo tangu jana.
Baada ya swala nimemwandikia Profesa: uthibitisho ni batili, kosa ukurasa wa kumi na mbili, aliyeliona ni Yohana. Nimetia sandukuni haraka, nisije nikageuza nia.

Jumanne, 26 Juni
Kampala hawajajibu. Nawagombeza wanafunzi bila sababu. Yohana ananikwepa.

Jumamosi, 14 Julai
Jibu. Profesa anamtaka Yohana aende kusailiwa kwa ile nafasi ya masomo. Kwangu mistari miwili: fungu moja halitoshi, jaribu mafungu yote yenye kitu ambacho kikijizidisha chenyewe hubaki kilekile.
Nimempelekea Yohana barua nyumbani kwake. Kaisoma amesimama, kisha akakaa.
"Na wewe, kaka?"
Mkewe alileta chai, tukanywa.
Jioni nimejaribu hayo mafungu yote. Mpaka sasa yanakubali.