Binti Yangu Ameupenda Udongo, au Amefundishwa Kuupenda?

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kupima jambo ambalo mizani yangu mwenyewe siiamini tena. Mimi ni mkutubi, nimesoma hadi chuo kikuu, na binti yangu wa pekee anaomba nafasi katika chuo kinachochukua wachache mno kati ya maelfu. Tangu utotoni alisema atasomea udaktari, hata wenzangu kazini wamezoea kuniita Mama Daktari, lakini mwezi uliopita akatangaza mezani kwamba ameomba sayansi ya udongo, nami sikujua kama huo ni uamuzi au mzaha. Baadaye, nikianika nguo nje ya dirisha la jikoni, nilimsikia kaka yangu, aliyejipa kazi ya kumwandaa kwa usaili.

"Udaktari usiutaje kabisa," alimwambia. "Kule kumejaa. Udongo nani anauomba? Ingia kwanza, utahama ukiwa ndani."

"Na wakiniuliza kwa nini udongo, Mjomba?"

"Lia kidogo."

Wakacheka. Binti yangu hakusema kama atahama, wala kama hatahama. Nilipoingia na beseni, wakaanza kuzungumzia mvua.

Tangu hapo namchunguza. Dirishani mwa bafu amepanga chupa za jemu zilizojaa udongo na maji. Nikamuuliza, "Tope hili la nini?" Akanijibu, "Si tope, Mama. Hii ina udongo mwingi wa mfinyanzi, ndiyo maana maji hayajatulia," na macho yake yakang'aa, au mimi ndiye niliyetaka yang'ae, kwani huenda alikuwa akinifanyia mazoezi ya usaili. Nikimzuia, pengine namnyang'anya anachokipenda. Nikinyamaza, pengine nabariki udanganyifu. Dirisha la maombi linafungwa mwisho wa wiki. Nifanye nini?

Mama mwenye mashaka

JIBU

Mama, pole. Umesikiliza dirishani, umekagua bafu, umepima hadi mng'ao wa macho. Aliye na jibu mnakula naye meza moja, na hujamuuliza!

Kaka yako namwona mjanja asiyesoma masharti. Vyuo vingi vya namna hiyo haviruhusu mtu kuhamia kozi iliyojaa eti kwa sababu ameshaingia. Kesho asubuhi piga simu ofisi ya udahili, uulize mwenyewe, na binti yako akiwa pembeni anasikia.

Sasa niruhusu nikushuku na wewe. Unasema unaogopa kwamba anadanganya. Huenda nakosea, sijawahi kukuona, lakini barua yako inaninong'oneza kwamba unaogopa zaidi kwamba hadanganyi, kwamba udongo ameupenda kweli. Mtu anayeigiza hapambani na chupa za matope bafuni wakati hakuna anayemtazama. Ukilikuta hilo moyoni mwako, usimbebeshe mtoto.

Kaka yako akishaondoka, kaa na binti yako, umuulize swali moja tu: "Wakikukatalia kuhama, utabaki kwenye udongo?" Kisha nyamaza, hata akichelewa kujibu. Usimsaidie neno.

Akisema hapana, abadilishe ombi lake kabla wiki haijaisha, apange foleni ya udaktari kama wenzake, na akikosa, akose kwa haki. Akisema ndiyo, mwamini siku hiyohiyo. Mpigie pasi nguo za usaili, msindikize hadi getini, halafu urudi nyumbani.